Katapila la Dizeli na Oili Iliyobadilika

Fundi wa mitambo ya ujenzi anapofika dukani kununua oili ya injini, swali la kwanza ni namba: thelathini au arobaini? Swali hilo lina umri. Mwaka 1911 SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kilitoa utaratibu wake wa kwanza wa kupanga oili kwa mnato, na namba za leo zilikua kutokana na utaratibu huo. Namba ina kazi yake, na si haki kuidharau. Hata hivyo, tangu miaka ya 1930 namba peke yake haijatosha kumchagulia mtu oili ya mtambo mzito, na mabadiliko hayo hayakuanzia kwenye ndoto za wanakemia. Yalilazimishwa na trekta lililokuwa likiharibu ringi zake lenyewe.

Kampuni ya Caterpillar ilizaliwa mwaka 1925 kwa kuungana kwa watengenezaji wawili wa matrekta wa California, Holt na Best. Mwaka 1931 ikatoa trekta lake la kwanza la dizeli, Diesel Sixty. Mtu aliyelima au kuchonga barabara alilipenda kwa sababu dizeli ilikuwa rahisi kuliko petroli, na injini yenyewe ilikula kidogo. Tatizo lilijificha ndani ya silinda. Dizeli huwaka kwa mgandamizo mkubwa, pistoni hupata joto kali, masizi ni mengi, na salfa iliyomo kwenye mafuta hugeuka asidi. Oili ya madini iliyo tupu, hata ile iliyosafishwa vizuri na kusifiwa kwenye magari ya petroli, ilipofika kwenye mifereji ya ringi za juu iliungua ikawa utando mgumu na kaboni. Ringi ziliganda, gesi ikavuja kushuka kwenye krenki, nguvu ikapungua, na mwishowe pistoni na silinda zikakwaruzana. Kuongeza uzito wa oili hakukusaidia, kwa sababu oili nzito nayo huungua, na haina chochote cha kuosha. Dawa ilipatikana pale watengenezaji wa injini na wa oili walipofanya kazi pamoja: chumvi za metali, ambazo kwa tabia ni ndugu wa sabuni, ziliyeyushwa ndani ya oili ili kung’oa uchafu na kuuzuia usigande. Standard Oil ya California ilianza kuuza oili ya namna hiyo mwaka 1935 kwa jina la Delo.

Hapo ndipo kipimo cha zamani cha macho kilipovunjika. Oili inayoosha huwa nyeusi mapema, kwa kuwa masizi yanaelea ndani yake badala ya kushikamana na pistoni. Anayeihukumu kwa rangi atamwaga oili inayofanya kazi na kuisifu ile inayoacha uchafu wote ndani ya injini. Kipimo kipya kikawa injini yenyewe. Caterpillar ilitenga injini ya silinda moja, ikaiendesha saa 480 kwa oili inayochunguzwa, kisha ikaifungua ili kukagua pistoni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani, lililohitaji oili chache zifaazo magari mengi, liliandika masharti yake kwa kutegemea majaribio ya aina hiyo. Mwaka 1952 taasisi ya petroli ya Marekani, API, iliigawa oili ya dizeli kwa ugumu wa kazi, na mwaka 1970 zikaja herufi tunazoziona kwenye madumu, CD ikiwa miongoni mwake.

Mtu anaweza kusema kwamba mtengenezaji wa mtambo ana masilahi yake, na kwamba herufi hizi ni njia ya kuuza. Shaka hiyo ina msingi, lakini jaribio la pistoni lililoandikwa wazi linaweza kurudiwa na mshindani yeyote. Sifa tupu za muuzaji haziwezi. Pingamizi zito zaidi ni la fundi anayesema joto la kwetu linadai arobaini. Hakosei kuhusu joto; anakosea tu akidhani arobaini zote ni moja.

Kosa la upande wa pili ni kuamini kwamba herufi mpya hushinda ya zamani kila mahali. Mwaka 1991 Caterpillar ilitoa masharti ya TO-4 kwa ajili ya gia boksi na breki za ndani ya oili, kwa sababu sahani za msuguano zinahitaji kushikana, na oili nzuri ya injini inaweza kuzifanya ziteleze. Salfa nayo imebadilisha hesabu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipohamia dizeli ya salfa ya sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hitaji la oili yenye akiba kubwa ya kuua asidi lilipungua. Kwa upande mwingine, mitambo yenye chujio la masizi kwenye ekzosi inadai oili ya majivu machache, kama CJ-4 ya mwaka 2006 ambayo majivu yake hayazidi asilimia 1, kwani majivu huziba chujio na hayaungui. Katapila la zamani lisilo na chujio halina sharti hilo. Kwa hiyo yadi moja inaweza kuhitaji madumu mawili yenye namba ileile ya uzito, na kuyabadilishana ni hasara.