Ndiva za Wazee, Akiba Yetu

Wazee wetu wa Upare hawakungoja ukame ndipo watafute maji. Walichimba ndiva milimani. Zilijaa usiku, na asubuhi zilifunguliwa, maji yakashuka mashambani kwa zamu. Ndiva ikibomoka au mfereji ukiziba, watu waliitwa kwenye msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu na jembe.

Lakini maji yale yale huua. Novemba 2009, mvua kubwa iliporomosha mlima katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, wilayani kwetu Same. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Nasi wa Kihurio tuko chini ya milima hiyo hiyo.

Basi kila kaya ijiandae kabla ya mvua: izibue mitaro, iweke vyeti na hati kwenye ndoo yenye mfuniko, itenge akiba ya mahindi na maji ya kunywa, na watoto waonyeshwe mwinuko wa kukimbilia. Zimamoto wanapatikana kwa namba 114.

Nawe ndugu uliye mbali na nyumbani, mchango wako ndilo jembe lako katika msaragambo huu.