Peni Tatu Langoni mwa Kiwanda

Barabara ya Great West Road, magharibi mwa London, ilifunguliwa mwaka 1925. Kabla ya Vita Kuu ya Pili viwanda vilikuwa vimejipanga kando yake katika kipande cha Brentford: Firestone wa matairi tangu 1928, Gillette wa nyembe na mnara wake wa saa tangu miaka ya 1930, na vingine vingi, hata kipande hicho kikaitwa Maili ya Dhahabu. Leo eneo hilo limo katika manispaa ya Hounslow, na ni mahali pazuri pa kuanzia historia ya bima ya nyongeza ya kazini, ile inayompa mwanachama fedha taslimu anapougua, anapoumia au anapolazwa, juu ya anachopata kwa serikali au kwa mwajiri. Historia hiyo kwa kawaida husimuliwa kupitia kampuni: nani aliianzisha, ilikuaje, ina wanachama wangapi. Kwa maoni yangu, kampuni si kiini cha jambo. Kiini ni makato, ile fedha ndogo inayoondolewa kwenye mshahara kabla haujafika mkononi. Makato ndiyo yaliyoiwezesha bima hii kuwafikia watu ambao hakuna wakala angehangaika kuwagongea mlango. Na makato hayo hayo ndiyo yaliyoifunga kwa mwajiri, kwa fundo ambalo wanachama wengi walilitambua siku waliyoachishwa kazi.

Tuanze na pengo lililoizaa. Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911 ilimtaka mfanyakazi wa kiume atoe peni nne kwa wiki, mwajiri peni tatu na serikali peni mbili. Akiugua, mwanamume alipata shilingi kumi kwa wiki hadi wiki 26. Mwanamke alichangia peni tatu na kupata shilingi saba na nusu. Daktari wa kawaida alikuwemo, lakini kwa mfanyakazi mwenyewe tu, si kwa mke wala watoto. Kulazwa hospitali hakukuwemo, isipokuwa kwa wenye kifua kikuu. Mtu wa Hounslow aliyehitaji kitanda alikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa wa hospitali ndogo ya mji iliyotegemea michango ya wenyeji. Mwingine ulikuwa wa hospitali ya Isleworth, West Middlesex ya leo, iliyoanza kama hospitali ya nyumba ya maskini, na fedheha ya jina hilo haikufutika upesi. Hospitali za michango hazikuwa bure moja kwa moja: mgonjwa aliketishwa mbele ya afisa aliyemhoji kipato chake, kodi ya nyumba yake na idadi ya watoto wake, kisha akapangiwa cha kulipa.

Mahojiano hayo ndiyo yaliyowapa nguvu wakusanyaji wa michango. Hospital Saturday Fund ilikuwa imeanza London mwaka 1873 kwa kukusanya fedha za wafanyakazi kwa ajili ya hospitali. Mwaka 1922 ikaja Hospital Saving Association, na ada yake ilikuwa peni tatu kwa wiki. Mwanachama aliyelazwa alionyesha hati yake, na yale maswali yakamwepuka. Jambo la kutazama zaidi ni utaratibu wake. Wanachama walikusanywa katika vikundi, mara nyingi vya mahali pa kazi, na kila kikundi kilikuwa na katibu wa kujitolea, mfanyakazi kama wao, aliyepokea michango na kuandika daftari. Kwingineko michango ilikatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Gharama ya kumfikia mwanachama ikawa ndogo mno, na peni tatu zikatosha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 inakadiriwa kwamba watu takriban milioni 10 Uingereza nzima walikuwa katika mipango ya namna hii. Wasomaji wa pwani na bara wanaovijua vyama vya kufa na kuzikana watauona undugu, na pia tofauti. Katika chama cha kuzikana, anayechelewa kutoa mchango hufuatwa nyumbani, kwa sababu wanachama wanajuana. Katika makato hakuna anayechelewa, na kwa hiyo hakuna haja ya kujuana.

Marekani ilifika hapo kwa njia nyingine. Kampuni inayoitwa leo Aflac ilianzishwa na ndugu watatu wa ukoo wa Amos huko Columbus, jimbo la Georgia, mwaka 1955, na mwaka 1958 ikaanza kuuza bima ya saratani. Kukua kwake kulitokana na uamuzi wa kuuza bima mahali pa kazi, kwa kundi zima la wafanyakazi, badala ya nyumba kwa nyumba. Ile ni biashara ya faida, na Hospital Saving Association ilikuwa ya wanachama; nia hazikufanana. Lango walilopitia ni moja.

Mtu anaweza kupinga: kama hoja ni pengo, mbona bima hii haikufa mwaka 1948, NHS, huduma ya afya ya taifa, ilipoanza na matibabu yakawa bure? Pingamizi hilo ni zito, maana mipango mingi ilifungwa kweli. Lakini Hospital Saving Association iliendelea, ikaacha kuwalipia wanachama hospitali na kuanza kuwapa fedha kwa siku walizolazwa, kwa meno na kwa miwani. Mrithi wake leo ni Simplyhealth. Ilisalimika kwa sababu kitanda kuwa bure hakulipi kodi ya nyumba. Hata malipo ya ugonjwa ya kisheria yaliyowekwa mikononi mwa waajiri mwaka 1983 kwa miongo kadhaa hayakugusa siku tatu za kwanza, na wenye mshahara mdogo kabisa hawakupata chochote. Na hicho cha bure chenyewe kilihitaji kulindwa. Ilipoamuliwa kuifunga hospitali ya Hounslow, wafanyakazi wake waliikalia mwaka 1977 ili iendelee kuhudumia wagonjwa, hadi Oktoba mwaka huo wagonjwa walipoondolewa kwa nguvu.

Sasa upande wa pili wa makato. Miaka ile ile wakazi wa Hounslow walikuwa wakibadilika. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na zaidi ya 27,000 wakaingia Uingereza. Wengine walikuwa wametangulia kutoka Kenya. Walioishi Hounslow na Southall jirani wengi waliingia viwandani na uwanja wa ndege wa Heathrow. Mtu aliyekuwa na duka Kampala akawa na namba ya mfanyakazi, na kinga yake ikafuata namba hiyo. Kinga inayotegemea mshahara hurithi pia dhuluma ya mshahara: mwaka 1976 wanawake wa kiwanda cha Trico, watengenezaji wa waipa za magari palepale Great West Road, waligoma wiki 21 ndipo wakalipwa sawa na wanaume. Kisha viwanda vyenyewe vikaanza kuondoka. Firestone ilitangaza kufunga mwaka 1979.

Watetezi wa bima ya kazini hujibu kwamba anayeondoka aweza kuendelea kulipa mwenyewe kupitia benki. Ni kweli, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini bei nafuu ya kundi ilitokana na kundi: wazima wengi waliokatwa bila kufikiri, wagonjwa wachache waliolipwa, na hakuna aliyeulizwa maswali marefu ya afya. Kundi likitawanyika, anayeng'ang'ania kulipa ni yule anayehisi ataumwa, na ada lazima ipande au fao lipungue. Zaidi ya hayo, mwenye kuachishwa kazi hupunguza matumizi kwanza pale pasipouma leo. Mwaka 2020 abiria wa Heathrow walipungua kutoka karibu milioni 81 hadi milioni 22, na familia nyingi za Hounslow zilipoteza kipato wiki zile zile ugonjwa wa korona ulipokuwa umezagaa mitaani. Bima iliyofungwa kwenye mshahara haina jibu kwa saa kama hiyo, hata ikiendeshwa na watu waadilifu. Kwetu Afrika Mashariki swali hili ni kali zaidi, kwa sababu walio wengi hawajawahi kuwa na karatasi ya mshahara ya kukatwa chochote: mama wa sokoni, dereva wa bodaboda, mvuvi. Anayewauzia bima kwa kunakili utaratibu wa Brentford anaanza na kitu ambacho hawana, na ingemfaa kwanza aketi na makatibu wa vyama vya kuzikana, wanaokusanya bila mwajiri.

Jengo la Firestone lilivunjwa katika mapumziko ya Agosti 1980, siku chache kabla ya kupewa ulinzi wa kisheria kama urithi wa taifa. Lango lake bado limesimama Great West Road.