Gobore: linavyofanya kazi, linavyotunzwa, na kwa nini lile la babu lisikae darini

Wadau, ukifuatilia habari za polisi na mahakama huku Mpanda, neno gobore utakutana nalo mara kwa mara. Ukikaa kijiweni nako unasikia watu wanacheka: "aah, gobore nalo bunduki?" Ndiyo, ni bunduki. Kisheria ni bunduki kamili, na kwa anayelishika linaweza kuwa hatari kuliko ile ya kiwandani. Tumekusanya hapa mambo ya msingi, hasa kwa ajili ya zile familia ambazo mzee ametangulia mbele ya haki na kuacha chuma chake kimechomekwa kwenye nyasi za paa.

NI KITU GANI HASA

Gobore ni bunduki ya kushindilia kwa mdomoni. Haina magazini, na haitumii risasi yenye ganda. Unamimina baruti nyeusi kwenye mdomo wa mtutu, unaweka kitambaa au nyuzi za kuibana, unatia kipande cha risasi au goroli, halafu unashindilia kwa mdeki mpaka vyote vikae chini kabisa. Nyuma ya mtutu kuna kinundu chenye tundu dogo, juu yake unaweka fataki. Ukivuta kifyatulio, nyundo inagonga fataki, cheche inapita kwenye tundu, baruti inawaka. Yale ya zamani zaidi, ya gumegume, hayana fataki, yanatumia jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche.

Magobore mengi hayana mifereji ndani ya mtutu, kwa hiyo risasi inatoka bila kuzunguka. Zaidi ya mita 50 au 70 unalenga kwa kubahatisha. Ndo maana mwindaji wa gobore lazima amsogelee sana mnyama, na akikosa hana ya pili. Nyati aliyejeruhiwa hakusubiri ushindilie upya.

Kwa taarifa tu: neno risasi kwa asili ni jina la madini yenyewe, yale mazito ya kijivu. Na Mpanda ni mji uliokuzwa na risasi hiyo. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950 kwa sababu ya mgodi wa risasi, na mgodi ukafungwa 1960. Reli imebaki.

LILIFIKAJE HUKU

Lilikuja na misafara. Karne ya 19 bunduki za kushindilia ziliingia kwa wingi kupitia Zanzibar na Bagamoyo, zikapanda na biashara ya pembe za ndovu na watumwa mpaka Tabora na Ujiji. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki 1884, alijenga nguvu yake kwa rugaruga wenye bunduki za namna hiyo. Mwaka 1871 Stanley akimtafuta Livingstone alilazimika kuzungukia kusini kupitia Ukonongo, yaani pande zetu hizi, kwa sababu vita ya Mirambo na Waarabu wa Tabora ilikuwa imefunga njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji.

Sasa kwa nini gobore lilibaki kwa wenyeji wakati dunia nzima ilishahamia bunduki za ganda? Jibu moja liko kwenye mkataba wa Brussels wa 1890. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika eneo kubwa la Afrika, lakini yakaacha mlango kwa zile za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa maneno mengine Mwafrika aliruhusiwa silaha ambayo haiwezi kushindana na ya mkoloni. Mwaka 1905 hadi 1907 kwenye Maji Maji tuliona matokeo yake: watu wa mikuki na shindilia mbele ya bunduki za rashasha.

Vijijini gobore likaendelea na kazi nyingine. Kulinda mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe pori, kufukuza simba, kutafuta kitoweo. Kwa Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, uwindaji ulikuwa sehemu ya maisha kabla mipaka ya hifadhi haijachorwa. Katavi ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, na tangu hapo anayeingia na gobore mle ni jangili, hakuna jina lingine.

KWA NINI LINALIPUKA USONI

Hapa naomba tusome taratibu.

Kwanza, mtutu. Magobore ya zamani ya biashara yalikuwa na mitutu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ingawa si yote mazuri. Mengi yanayokamatwa siku hizi ni ya kienyeji, mtutu wake ni bomba la maji au chuma cha usukani wa gari. Bomba la maji lina mshono, na halikutengenezwa kubeba shinikizo la baruti. Linaweza kuvumilia mara kumi, ya kumi na moja likapasuka, na mkono wa kushoto uko hapo hapo.

Pili, baruti. Baruti nyeusi ina tabia yake. Baruti inayotolewa kwenye risasi za kisasa ni kitu kingine kabisa, haina moshi na nguvu yake ni kubwa mno kwa mtutu wa gobore. Anayeichanganya anatengeneza bomu. Baruti ya kienyeji nayo haina kipimo. Leo dhaifu, kesho kali.

Tatu, nafasi. Kama risasi haikushuka mpaka kugusa baruti, ile nafasi katikati inafanya shinikizo lipande vibaya, na mtutu unavimba au kupasuka.

Nne, kushindilia mara mbili. Hili linawapata hata askari. Baada ya mapigano ya Gettysburg kule Marekani mwaka 1863 ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000, na karibu 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa. Takriban nusu ya hizo zilikuwa na risasi mbili, nyingine zaidi. Fataki haikuwaka, mtu katika kelele hakujua, akashindilia tena juu yake.

Ndo maana wenye kujua huweka alama kwenye mdeki, moja ya mtutu mtupu na moja ya mtutu uliojazwa. Fataki ikigonga bila mlio, mdomo wa mtutu unabaki umeelekezwa mahali salama kwa dakika nzima au zaidi, maana moto unaweza kuwa unatambaa. Na baada ya mlio hamimini baruti papo hapo kutoka kwenye pembe. Cheche moja iliyobaki ndani inatosha kulipua pembe nzima mkononi.

UTUNZAJI

Kwa mwenye leseni, adui mkubwa ni kutu. Baruti nyeusi ikiungua inaacha masizi yenye chumvi, na chumvi hiyo inavuta unyevu wa hewa. Ukipiga asubuhi ukaliacha, masika ya Katavi yatakula mtutu kwa siku chache tu. Dawa yake ni maji ya moto. Siyo dizeli, siyo oili chafu. Maji ndiyo yanayoyeyusha chumvi. Unamimina, unasugua na kitambaa kwenye mdeki mpaka kitoke safi, unakausha kabisa, halafu unapaka mafuta kidogo. Wazee walitumia mafuta ya mnyama, na walikuwa sahihi: grisi ya dukani ikikutana na masizi inageuka lami. Lile tundu la fataki lizibuliwe. Kabla ya kutumia tena mafuta yafutwe, la sivyo baruti inalowa.

Mtutu wenye kutu ya mashimo au uliovimba hautengenezeki. Fundi akikwambia ataziba kwa kuchomelea, ondoka na pesa yako.

SHERIA

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya 2015 haimwonei huruma mtu kwa sababu silaha yake ni ya kizamani. Kumiliki kunahitaji leseni, kutengeneza bila kibali ni kosa, na leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Kuwinda ni kibali kingine tofauti. Na tangu marekebisho ya 2016 kwenye sheria ya uhujumu uchumi, kosa la silaha likishtakiwa huko kifungo kinaanzia miaka 20 hadi 30. Ishirini! Kwa chuma ambacho pengine hakijalia tangu enzi za mzee.

Serikali imekuwa ikitoa msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, mfano Septemba na Oktoba 2022, na Septemba ndio mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga kwa kazi hiyo. Muda wa msamaha ukitangazwa, silaha hupokelewa polisi au kwa viongozi wa serikali ya kijiji na mtaa.

Ukilikuta la marehemu, chukulia limeshindiliwa. Baruti kavu inawaka hata baada ya miaka mingi. Usivute nyundo, usichokoe kuitoa, watoto wakae mbali. Usilibebe begani kupita nalo barabarani, na usilifunge kwenye bodaboda. Hapo ukikamatwa maelezo yako yatakuwa magumu. Nenda mikono mitupu kwa mtendaji wa kijiji au kituoni, toa taarifa mbele ya shahidi, waje walichukue wenyewe. Waonyeshe pia ile pembe au chupa ya baruti, fataki na vipande vya risasi. Baruti usiitupe jikoni wala kwenye jalala linalochomwa moto. Na ukiimwagia maji ukaiacha ikauke juani, inaweza kuwaka tena.