Igisoro, Bariere na Kuzibiwa Njia

Mwezi wa kwanza 2025, siku mapigano yalipoingia Goma, nilivuka kuja Gisenyi na mtoto mgongoni, kifuko cha nguo na ubao wa igisoro. Kwenye mstari watu walinicheka. Ati, wenzako wanabeba magodoro, wewe unabeba mchezo? Ubao ni wa baba. Yeye alikataa kuvuka, akasema analinda nyumba. Hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo alinifundisha mimi.

Kwa asiyeujua: igisoro ni ndugu wa bao la pwani na omweso wa Uganda. Mashimo ni 32, mistari minne ya nane nane, mbegu 64. Kila mchezaji ana mstari wa mbele na wa nyuma. Unachota mbegu za shimo moja, unazipanda mojamoja. Ya mwisho ikiangukia penye mbegu katika mstari wako wa mbele, na mwenzako mbele yake ana mbegu katika mashimo yote mawili, la mbele na la nyuma, unazikamata. Moja likiwa tupu, hukamati kitu.

Basi hapo ndipo akili ilipo. Mgeni anarundika mbegu kila mahali akidhani amejilinda. Mzee anaacha shimo tupu nyuma ya lililojaa, na utupu huo ndio ukuta wake. Tena kuna jambo la pili: shimo lenye mbegu moja halianzishi mwendo. Ukibaki na mojamoja umeshindwa, hata kama mbegu bado unazo.

Katika bakgamoni, mchezo wa kete na dadu, mambo ni kinyume. Unazuia kwa kujaza: kete mbilimbili katika nyumba sita zinazofuatana. Dadu haizidi sita, kwa hiyo aliye nyuma ya ukuta huo hawezi kuruka. Lakini ukuta nao una shida yake. Zeno, mfalme wa Konstantinopoli katika karne ya 5, alicheza mchezo unaofanana na huo. Dadu zilimpa 2, 5 na 6, njia nyingine zikawa zimezibwa, akalazimika kuvunja jozi zake mwenyewe. Zikabaki kete nane za pekepeke. Mshairi Agathias aliiandika bahati mbaya hiyo karne iliyofuata, na watu wanaisoma hadi leo.

Nafikiria hayo nikipita Petite Barrière, sisi tunaita bariere tu. Mpaka huu ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, kati ya Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza. Mchezo ulikuwepo kabla yake. Tangu hapo watu wamesukumwa huku na huku. Mwezi wa saba 1994, mamia ya maelfu walitoka Rwanda kuingia Goma kwa siku chache. Mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ililipuka, watu wa Goma wakakimbilia Gisenyi. Mwezi wa tatu 2020, korona ikafunga njia, na akina mama waliokuwa wakivuka kila asubuhi na beseni la mboga wakabaki na mbegu mojamoja: mtaji upo kidogo, pa kuupeleka hakuna. Anayepokea leo, kesho anapokelewa.

Baadaye njia ilifunguliwa tena, lakini baba hajavuka. Alichonga ubao mwingine, tunacheza kwa simu. Anataja shimo, napanda upande wake na wangu.

Jana jioni alicheka. "Mutoto yangu, nimekufunga. Unipe ubao yangu."

Nilihesabu. Moja, moja, moja, na kule pembeni, mbili.

"Bado, Baba. Niko na shimo moja ya kutoka."

Akanyamaza kidogo. "Basi cheza," akasema, "vocha inaisha."