HAFLA YA MERCURY (Unguja, 2006)
Hafla ya muziki iliyoazimiwa kufanywa Mji Mkongwe mwezi Septemba 2006, kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwa Freddie Mercury, nayo haikufanyika. Mwimbaji huyo, ambaye jina lake la asili ni Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 katika jamaa ya Kiparsi, akahama na wazee wake baada ya Mapinduzi ya 1964, na huko Uingereza akapata sifa katika bendi ya Queen, akitamba jukwaani na kipande cha fimbo ya kipaza sauti isiyo na kitako, na katika filamu ya wimbo mmoja wa 1984 akavaa sketi ilhali masharubu yake yangalipo. Jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho iliipinga hafla kwa hoja kwamba mapenzi yake kwa wanaume yanakhitilafiana na Uislamu, na waandalizi wakaifuta. Makumbusho ya Mercury yalifunguliwa Shangani mwaka 2019, jambo la kushukuriwa sana, kwani mwana wa nchi ana haki ya kukumbukwa kwao.

Huko Pemba nako, mkaazi wa Wesha, bandari ya Chake Chake, aghalabu huyadhani mapenzi ya jinsia moja kuwa mambo ya ugenini; walakini Oskar Baumann wa Austria, aliyechapisha kitabu juu ya Pemba mwaka 1899, mwaka huo huo alichapisha makala juu ya wanaume na wanawake wa Zanzibar wenye mapenzi ya jinsia moja.