Wanawake wa Nchi ya Kati na Kazi ya Uandishi

Watu wakitaja waandishi wa Ugogo, jina la kwanza ni la Mathias Mnyampala, aliyezaliwa katika nchi ya Dodoma mwaka 1917, naye mwaka 1954 akatoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Heshima hiyo aistahili. Lakini tukiuliza jina la mwanamke, wengi hunyamaza, kana kwamba wanawake wa nchi ile ya ukame walijua jembe na mtungi tu. Twaona kimya hicho si haki, na sababu zetu ni hizi.

Yafaa kwanza tupambanue mambo mawili, utungaji na uandishi. Utungaji ulikuwako Ugogo kabla ya herufi. Ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, nao huibana kati ya mapaja huku wakiimba. Tena bibi ndiye aliyewasimulia wajukuu hadithi usiku, akizidisha hapa na kupunguza pale, akijua mahali pa kuimba na mahali pa kunyamaza. Hiyo ndiyo kazi ya mtungaji. Kilichokosekana ni kalamu.

Huko pwani mambo yalikuwa mengine. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, na utendi huo ukahifadhiwa, kwa kuwa herufi za Kiarabu zilikuwa zimekwisha kuingia majumbani. Nchi ya kati ilipata elimu ya kusoma hasa kwa njia ya shule za misheni, baada ya wamisionari wa CMS kufika Mpwapwa mwaka 1876. Hata hapo wavulana walitangulia, kwa maana msichana alitakiwa shambani na kisimani, na ndoa yake ilikuwa shauri la ng'ombe na la wazee. Tena lugha ya vitabu vingi ilikuwa Kiswahili, wala si Kigogo au Kikaguru cha mama yake. Basi binti aliyetaka kuandika alikuwa na mito miwili ya kuvuka, mto wa herufi na mto wa lugha.

Walivuka. Ndyanao Balisidya, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha riwaya yake Shida huko Nairobi mwaka 1975, miaka 21 baada ya kitabu cha Mnyampala. Mnyampala aliuliza koo zilitoka wapi na nani walitawala. Balisidya aliuliza kwa nini vijana huondoka. Chonya na Matika wanakiacha kijiji cha Ugogo, wanakwenda Dar es Salaam kutafuta nafuu, na huko wanakuta shida ya namna nyingine. Wagogo huzipa njaa zao majina. Ile ya miaka ya 1917 hadi 1920 waliiita Mtunya. Kwa watu wa namna hiyo, neno shida juu ya jalada la kitabu si neno dogo.

Wa pili ni Penina Muhando, aliyezaliwa mwaka 1948 huko Berega katika Ukaguru, jirani wa Ugogo upande wa mashariki. Tamthilia yake Hatia ilitoka mwaka 1972. Katika Nguzo Mama, ya mwaka 1982, wanawake wa Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, wasiweze, kwa kuwa hawapatani. Anayetuongoza katika habari hiyo ni Bi Msimulizi. Msomaji aliyelelewa na bibi atamtambua mara moja: ni yule yule wa kando ya moto, ila sasa amesimama jukwaani na maneno yake yamepigwa chapa. Mwaka huo huo Muhando, Balisidya na Amandina Lihamba walitoa pamoja Harakati za Ukombozi.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kalamu iliondoa masimulizi. Iliyapokea. Balisidya mwenyewe aliandika pia makala za kitaalamu juu ya fasihi simulizi, na juu ya namna mwanamke anavyoonyeshwa ndani yake.

Hapa pana neno kwetu sisi walimu na wachungaji. Mara nyingi hadithi hukusanywa, zikachapishwa, na jina linaloonekana ni la mkusanyaji peke yake. Bibi aliyezitoa huitwa “mzee mmoja,” au hatajwi kabisa. Hivyo ndivyo kimya kile kinavyofanyika, nasi tumekuwa na mkono ndani yake. Atakayeandika hadithi au wimbo kutoka kinywani mwa mwanamke na aombe kwanza ruhusa yake, kisha, akikubali, aandike jina lake, kijiji chake na mwaka, kabla ya kuandika neno la kwanza la hadithi. Kazi hiyo haimalizi mstari mmoja wa daftari. Bila mstari huo, atakayeuliza baada yetu atajibiwa tena kwamba nchi hii haikuwa na watungaji wanawake.