Ritifaa ya Ng'ombe Mlangoni mwa Kompyuta Kuu: Historia Fupi

Makala haya yanahusu jambo ambalo sisi walimu wa lugha kwa kawaida huwaachia mafundi: namna kompyuta kuu za zamani, zile zinazotunza hesabu za benki na kumbukumbu za serikali, zilivyofunguliwa mlango wa kuzungumza na wavuti. Ndani ya historia hiyo mna suala la othografia, na ritifaa yetu ya ng'ombe na ng'ambo imo hatarini. Ndiyo sababu ya kulileta hapa.

Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza familia ya kompyuta za System/360. Pamoja nazo ulikuja mfumo wa kuziwakilisha herufi kwa namba, uitwao EBCDIC. Mwaka mmoja kabla, huko huko Marekani, ulikuwa umetolewa mfumo mwingine, ASCII, ambao baadaye ulitawala kompyuta ndogo na kuwa msingi wa Unikodi. Katika ASCII herufi kubwa A ni namba 65; katika EBCDIC ni 193. Tena katika EBCDIC alfabeti ina mapengo: I ni 201, lakini J, inayofuata, ni 209. Mapengo hayo ni urithi wa kadi za kutobolewa matundu. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na lahaja mbili zisizoelewana bila mkalimani.

Programu nyingi za kompyuta kuu ziliandikwa kwa COBOL, lugha iliyobuniwa na kamati iliyoanza kazi mwaka 1959. Kamati hiyo iliathiriwa sana na kazi ya Grace Hopper, aliyeamini kwamba mtu wa biashara anapaswa kuiamuru kompyuta kwa maneno ya kawaida. Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe mwaka 1978 ambacho wanaisimu watakipenda. Katika miaka ya 1950 aliwaonyesha wakuu wake programu ileile ikiamriwa kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani. Alidhani watafurahi. Wakashtuka: kompyuta iliyotengenezwa Marekani itaelewaje Kifaransa? Ilibidi awaahidi kwamba itatumia Kiingereza tu. Hopper alikuwa ameonyesha kwamba kwa mashine, neno ni alama tu; wakuu wake wao waliona uraia.

Mwaka 1969 IBM ilitoa CICS, programu-seva iliyotokana na mahitaji ya mashirika ya simu na umeme yaliyotaka kumhudumia mteja papo hapo badala ya kungoja kazi za usiku. Kuanzia mwaka 1974 kazi ya kuiendeleza ilihamia Hursley, kusini mwa Uingereza. Karani huketi mbele ya skrini, huandika namba ya mteja, na CICS huiita programu ya COBOL inayojibu. Programu hizo hazijui chochote ila nafasi zilizopimwa: jina lina nafasi 20, mtaa nafasi 30, wala si zaidi.

Wavuti ulipoenea, wenye mifumo hiyo walikuwa na njia mbili: kuandika kila kitu upya, au kuweka mkalimani mlangoni. Kuandika upya ni ghali na ni hatari, maana walioandika programu za awali wengi wamestaafu na sheria za kazi zimo ndani ya msimbo, hazimo vitabuni. (Mwezi Aprili 2020 gavana wa New Jersey aliomba hadharani watu wa kujitolea wanaojua COBOL, wakati mifumo ya jimbo ilipozidiwa.) Njia ya mkalimani ilisawazishwa hatua kwa hatua: XML mwaka 1998, SOAP 1.1 mwaka 2000, WSDL 1.1 mwaka 2001. Mwaka 2005 toleo la 3.1 la CICS liliingiza huduma za wavuti ndani ya seva yenyewe.

Usanidi wake unasomeka kama mpango wa ofisi yenye mapokezi. Kwanza hutajwa TCPIPSERVICE, yaani lango ambalo seva itasikiliza. Kisha URIMAP, inayosema kwamba anwani fulani ikiombwa, mgeni aelekezwe wapi. Kisha PIPELINE, ushoroba wenye wahudumu wanaoifungua bahasha ya SOAP. Mwishowe WEBSERVICE, inayoonyesha jedwali la ulinganishaji: kipashio hiki cha XML kinaingia katika nafasi ile ya COBOL. Jedwali hilo haliandikwi kwa mkono. Chombo kiitwacho DFHLS2WS husoma maelezo ya data ya programu ya zamani na kulitoa, pamoja na waraka wa WSDL kwa ajili ya wageni. Programu yenyewe ya COBOL haiguswi, wala haijui kwamba karani wa skrini amebadilishwa na tovuti.

Lakini kuna kigezo kimoja kidogo, LOCALCCSID, kinachotaja ukurasa wa msimbo unaotumiwa na seva. Kisipobadilishwa huwa 037, yaani EBCDIC ya Marekani. Wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi waangalie hapa: katika ukurasa 037 namba 192 ni mabano ya mawimbi, ilhali katika ukurasa 297, wa Ufaransa, namba hiyohiyo ni é. Ukichagua ukurasa usiolingana na data iliyohifadhiwa, majina ya watu hugeuka vituko.

Kiswahili, kwa kutumia herufi za Kilatini zisizo na alama za juu, hupita salama karibu chote. Kinachobaki ni ritifaa. Unikodi ina angalau alama tatu zinazotumiwa kuiandika: iliyonyooka, namba 39, iliyopinda, namba 8217, na ile iliyokusudiwa kuwa herufi, namba 700. Ukurasa 037 unaijua iliyonyooka tu, nayo huipa namba 125. Programu za kuandikia barua hupenda kuipinda ritifaa bila kumuuliza mwandishi. Basi jina Ng'ang'a likinakiliwa kutoka kwenye barua na kupelekwa kwenye huduma ya wavuti, mkalimani hukosa neno mlangoni: huweka alama ya kufidia, au hukataa ujumbe. Katika hali ya kwanza jina lililohifadhiwa halifanani tena na lililo kwenye kitambulisho, na mwenye jina huweza kuambiwa kwamba akaunti yake haipo.

Siku hizi ujumbe mwingi huja kwa JSON badala ya XML, lakini hatua ya kubadili alama imebaki palepale. Ushoroba wa PIPELINE unaruhusu kuongeza mhudumu wa kuzinyoosha ritifaa kabla ya ubadilishaji, na kazi hiyo si kubwa. Fundi hataifanya kama hakuna aliyemweleza kwamba katika Kiswahili ng' na ng ni sauti mbili tofauti. Mpeni maneno ya kujaribia: ng'ombe, ng'ambo, king'ora, Ng'ang'a. Kila moja liandikwe mara tatu, kwa kila ritifaa, lipelekwe, kisha lisomwe linavyorudi.